Si kila homa ya Lokori ni malaria

Neno "malaria" limepata maana pana kupita kiasi katika nchi hii. Mtu akiamka na joto mwilini, kichwa kikimgonga na viungo vikimlegea, husema kwamba ana malaria, na jirani anayempa pole humwuliza kama amekwisha kumeza dawa. Neno "homa", ambalo lingefaa mahali hapo, nalo limehama: Wakenya wengi wanapolitamka huwa wanakusudia mafua. Nafasi iliyoachwa wazi na homa imekaliwa na malaria. Sisi wanaisimu hulitazama jambo kama hili kwa utulivu, kwa kuwa maneno huhama kila siku na lugha haifi kwa ajili hiyo. Lakini safari hii neno limehama pamoja na tiba yake, na hapo ndipo utulivu unaponiondoka.

Huwa ninakwenda Lokori, huko Turkana Mashariki kando ya mto Kerio, kwa ajili ya utafiti wa lugha ya Ng'aturkana. Katika safari moja nilikuwa nikikusanya msamiati wa maradhi, na katika kituo kimoja cha afya cha sehemu hizo, ambacho sitakitaja, nilionyeshwa daftari la wagonjwa wa nje, majina yakiwa yamefunikwa kwa karatasi. Safu ya ugonjwa ilijaa malaria. Safu iliyofuata, ya kipimo, mara nyingi iliandikwa "hasi". Nilimwuliza muuguzi inakuwaje mtu ambaye kipimo kimesema hana vijidudu vya malaria aandikwe kuwa ana malaria. Akanitazama kama atazamwavyo mgeni, akasema: "Mwalimu, mama huyu ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Nimwambie ana nini?"

Muuguzi huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Mkononi mwake alikuwa na kipimo kimoja cha haraka, na kikisema "hasi" alibaki mikono mitupu. Malaria ipo Turkana, tena si haba. Lakini ipo pia bruselosi itokanayo na maziwa mabichi na mifugo, ipo homa ya matumbo, ipo kala-azar, na zipo homa za virusi vinavyobebwa na mbu. Katika hizo za mwisho nataka kuzungumzia dengue, kwa sababu elimu mpya kuihusu inanipa matumaini na wasiwasi kwa wakati mmoja.

Najua msomaji wa bara ataguna. Dengue si ugonjwa wa Pwani? Ni kweli kwamba mlipuko wa kwanza kuthibitishwa nchini ulitokea Malindi na Kilifi mwaka 1982, na kwamba Mombasa ilipata kipigo mwaka 2013 na 2014. Katika uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Mombasa mwaka 2013, watu wapatao 13 katika kila 100 walikutwa na dalili katika damu kwamba walikuwa wameambukizwa wakati huo au siku chache zilizotangulia. Wengi wao, hapana shaka, walikuwa wamekwisha kujihesabu kuwa na malaria.

Lakini hebu tuitazame Mandera. Mandera haina bahari wala minazi. Ni nchi kavu kama Turkana ilivyo kavu. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2011 mji huo ulivamiwa na homa ambayo wataalamu wa KEMRI waliipima na kuikuta kuwa dengue. Ukame haukuwa kinga. Mbu aenezaye dengue, yule mwenye madoadoa meupe miguuni, hapendi vinamasi. Anapenda pipa, mtungi, tangi na gurudumu kuukuu lililotuamisha maji. Mahali ambapo maji ni adimu ndipo watu huyahifadhi, na mahali yanapohifadhiwa ndipo mbu huyu anapotaga. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja tone la maji. Zaidi ya hayo, huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Turkana ina mapipa kama Mandera, na ina njia za kupitia. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, imepokea watu kutoka Somalia, Sudan Kusini, Kongo, Ethiopia na kwingineko. Kati ya mwaka 2018 na 2019 malori yalibeba mafuta ghafi kutoka Lokichar hadi Mombasa na kurudi, na Lokichar si mbali na Lokori. Isitoshe, bonde lile lile la Kerio, upande wa juu huko Baringo na Elgeyo Marakwet, lilipata homa ya manjano mwaka 1992 na 1993, mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kuwahi kuandikwa katika Kenya. Virusi vya homa ya manjano na vya dengue ni ndugu wa ukoo mmoja. Hoja yangu si kwamba Lokori imekwisha kushikwa na mlipuko. Ninachosema ni kwamba mahali pasipo na kipimo cha dengue, dengue haiwezi kuonekana daftarini hata ikija.

Na dunia haituachi tupumzike. Mwaka 2024 nchi mbalimbali ziliripoti kwa Shirika la Afya Duniani wagonjwa wa dengue zaidi ya milioni 14, idadi ambayo haijapata kuonekana kabla ya hapo. Wengi hupona. Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba wachache wanaozidiwa huzidiwa wakati ambapo kila mtu anadhani wamepona. Homa hushuka kati ya siku ya 3 na ya 7. Mgonjwa huketi, pengine huomba uji, jamaa humshukuru Mungu. Saa hizo hizo ndizo kuta za mishipa ya damu huweza kuanza kuvuja. Maji ya damu hutoka na kujaa kifuani na tumboni, damu inayobaki huwa nzito, mapigo hudhoofika, na ndani ya siku moja au mbili mtu hufa kwa kukosa damu ya kutosha kuzunguka, ingawa pengine hakumwaga hata tone moja.

Hapa ndipo sayansi mpya inapoingia. Mwaka 2021 watafiti walioongozwa kutoka Ho Chi Minh City walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu za wagonjwa wa Vietnam, Cambodia, Malaysia na El Salvador. Damu hiyo ilitolewa katika siku 3 za mwanzo za homa, kabla hatari haijajitokeza, na ndani yake wakapima vitu 10. Baadhi, kama anjiopoietini-2 na sindekani-1, huongezeka kuta za mishipa zinapochubuka. Vingine, kama feritini na interlyukini-8, huonyesha kwamba mwili umewasha moto mkubwa wa kujikinga. Walikuta kwamba vitu kadhaa vikisomwa pamoja hutabiri vizuri zaidi kuliko kimoja kikisomwa peke yake, na kwamba mkusanyiko unaomfaa mtoto si ule unaomfaa mtu mzima. Wanaisimu hatushangai: hata neno moja likitengwa na sentensi yake halisemi mengi.

Vitu hivyo wengine huviita viashiria. Kwa upande wa moyo kuna viashiria vya aina yake. Dengue huweza kuushambulia msuli wa moyo ukavimba, ukapiga polepole au bila mpango. Seli za moyo zikiumia hutoa ndani ya damu protini iitwayo troponini. Moyo ukitanuka kwa kuelemewa hutoa nyingine, ambayo madaktari huitaja kwa herufi BNP. Watafiti wa Singapore wamewafuatilia watu waliougua dengue katika mwaka 2021 na 2022, wakaona kwamba katika miezi iliyofuata walipata matatizo ya moyo kwa wingi kuliko hata watu waliokuwa wameugua Korona.

Jambo hili la moyo si la pembeni. Tiba ya dengue kali ni maji ya mshipani, yapimwe kwa uangalifu, yaongezwe na kupunguzwa kwa saa. Yakiwa machache mgonjwa hufa kwa mshtuko. Yakiwa mengi, hasa siku zile ambapo maji yaliyovuja yanaanza kurejea mishipani yenyewe, moyo uliochoka hushindwa kuyasukuma na mapafu hujaa. Chupa ile ile inayomwokoa wa kitanda cha kwanza yaweza kumzamisha wa kitanda cha pili. Tabibu anayejua mapema ni moyo upi uliojeruhiwa ana silaha ambayo mwenzake hana.

Sasa, nimesikia wasomi wenzangu wakisema kwamba mambo haya ni ya hospitali kubwa, kwamba Turkana ingali na kiu ya mambo ya msingi. Mimi naona kinyume. Mgonjwa wa Nairobi anaweza kuambiwa, "Nenda nyumbani, rudi kesho asubuhi tukutazame." Kesho yake atapanda matatu na kurudi. Mgonjwa wa Lokori ambaye boma lake liko mwendo wa siku nzima hawezi kurudi kesho. Hospitali ya rufaa iko Lodwar. Kumpeleka huko ni kutafuta gari, kutafuta mafuta, kungoja mto ushuke ikiwa mvua imenyesha milimani, na katika misimu mingine kuuliza kwanza kama barabara ina usalama. Uamuzi wa nani apelekwe na nani abaki hauna budi kufanywa siku ya 2 au ya 3, wakati wagonjwa wote 10 walioketi barazani wanafanana. Kwa hiyo aliye mbali ndiye anayehitaji utabiri zaidi. Utabiri wa damu kwa mtu wa mjini ni msaada. Kwa mtu wa Lokori waweza kuwa ndio tiba yenyewe.

Wala Waturkana hawa wa Kerio hawatashangazwa na wazo hilo. Emuron wao husoma matumbo ya mbuzi ili ajue mvua na vita. Kwamba kiungo cha ndani chaweza kueleza yajayo kwa anayejua kusoma ni jambo ambalo katika boma halihitaji kuhubiriwa. Kinachohitajika ni msomaji na kitu cha kusomea.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Viashiria hivi vimesomwa katika damu za Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati, mahali ambapo mgonjwa wa dengue kwa kawaida ana dengue tu. Katika damu ya Lokori mambo yamechanganyika. Anjiopoietini-2 hupanda pia katika malaria kali. Protini ya CRP, iliyo rahisi kupima, hupanda katika karibu kila maambukizo mazito. Chembe za kugandisha damu, ambazo kushuka kwake humtisha daktari wa dengue, hushuka katika malaria na katika kala-azar pia, na kala-azar hupandisha feritini. Mtu akichukua kipimo kilichorekebishwa kwa damu ya Ho Chi Minh City akakileta Kerio bila kukijaribu upya, atakuwa kama mtu aliyechukua kamusi ya Kihispania kusomea barua ya Kiswahili: herufi anazijua zote, maana imempita.

Kuna na kishawishi kingine. Huko Cuba mwaka 1981 madaktari waliona kwamba watu weusi walipata dengue kali kwa uchache kuliko weupe. Tangu hapo wapo wanaosema, wengine kwa kujivuna, kwamba dengue haituui Waafrika. Waulizwe watu wa Burkina Faso, ambako mwaka 2023 vifo vilivyohusishwa na dengue vilipita 600. Huenda ipo kinga fulani katika urithi wetu. Lakini kinga hiyo huwezi kuitenganisha na uchache wa vipimo mpaka upime. Mtu asiyehesabiwa haonekani kuwa amekufa kwa dengue. Huonekana amekufa kwa malaria.

Kosa la kuita ugonjwa kwa jina la mwingine si geni kwetu, na hapa msomaji aniruhusu nirudi kidogo katika fani yangu. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, aliandika kuhusu ugonjwa ulioenea huko mwaka 1870, ambao wenyeji waliuita kidinga pepo, na ambao wazee walikumbuka kuuona mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba jina hilo la Kiswahili lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likakutana na neno la Kihispania lenye maana ya madaha, kwa vile mgonjwa hutembea kwa kujikaza kama mwenye maringo, na hivyo likazaliwa neno "dengue". Tanzania sasa huita kidingapopo. Pepo amegeuka popo, ingawa popo hana hatia yoyote katika shauri hili. Lakini mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alionyesha kwamba ugonjwa ule wa Unguja, kwa jinsi viungo vilivyouma kwa muda mrefu, yaelekea ulikuwa chikungunya, ugonjwa uliopata jina lake la Kimakonde baada ya mlipuko wa Newala wa mwaka 1952 na 1953. Ikiwa ni hivyo, basi jina letu lilikwenda kubandikwa kwenye ugonjwa mwingine na likakaa huko, na ugonjwa wetu ukabaki bila jina kwa zaidi ya miaka 80.

Nikirudi Lokori, dalili za hatari ambazo muuguzi anaweza kuzitazama bila mtambo wowote zinajulikana: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye ufizi au puani, kulegea na kusinzia ovyo. Zimechapishwa katika mabango. Mabango mengi niliyoyaona yameandikwa Kiingereza au Kiswahili cha ofisini, na moja lilionyesha mgonjwa mweupe mwenye "vipele vyekundu". Juu ya ngozi ya Mturkana wekundu huo hauonekani. Mama aliyeambiwa angoje vipele vyekundu atangoja mpaka mtoto apoe. Hata maneno ya kawaida yana mitego. "Moyo unaniuma" kwa Kiswahili chaweza kuwa huzuni, kiungulia au ugonjwa wa moyo kweli. Ukiongeza tafsiri ya haraka kutoka Ng'aturkana, iliyofanywa na mlinzi wa lango kwa sababu muuguzi ametoka Kisii au Kitui, sijui daktari atabaki na nini. Maneno ya mabango haya yakusanywe kutoka vinywani mwa kina mama wenyewe, jinsi wanavyolieleza joto linaloondoka na kuacha mwili baridi. Kazi hiyo ni ya kwetu vyuoni, na haihitaji fedha nyingi.

Wizara ya Afya na Kaunti ya Turkana nazo zina kazi yao, na sipendi izikwe chini ya ndoto za mitambo. Kipimo cha virusi vya dengue kinachotumia tone la damu, cha aina ile ile ya kijiti kama cha malaria, kipo madukani. Kiwekwe kwa ajili ya wale ambao kipimo cha malaria kimesema "hasi", angalau Lodwar, Kakuma na Lokori, angalau katika misimu ya mvua. Damu iliyobaki ihifadhiwe kwa idhini ya wenyewe, ili KEMRI na vyuo vyetu viweze kujaribu viashiria vya Asia juu ya damu ya hapa, yenye malaria yake na kala-azar yake, na kutuambia ni vipi vinavyosema kweli. Watafiti wa nje wakija, waje wakiwa na sharti kwamba kipimo kitakachopatikana kiweze kufanya kazi mahali pasipo na umeme wa kutegemewa na penye joto la Turkana. Kiashiria kinachohitaji barafu na mtaalamu wa Nairobi si kiashiria kwa mtu wa Kerio.

Wakati hayo yakingojwa, maduka ya dawa yaliyotapakaa hadi vijijini yangeanza kwa kuacha kumpa mtu mwenye homa isiyojulikana aspirini, ibuprofeni au sindano ya diklofenaki, ambazo huongeza hatari ya kutokwa na damu ikiwa ni dengue. Parasetamoli inatosha. Hili halingoji utafiti wala bajeti, na nashangaa kwamba redio zetu hazilisemi.

Na kipo kiashiria kimoja cha damu ambacho ni cha zamani kuliko vyote nilivyovitaja: kiasi cha chembe nyekundu katika damu, kiitwacho hematokriti. Mishipa ikianza kuvuja, kiasi hicho hupanda. Damu huvutwa ndani ya mrija mwembamba wa kioo, mrija ukazungushwa katika kimashine kidogo kwa dakika 5, na jibu likasomwa kwa macho juu ya mstari. Kikipimwa leo na kesho, hata kabla ya kujua jina la ugonjwa, muuguzi aliyeniuliza lile swali angekuwa na la kumwambia yule mama: abaki karibu na kituo, au gari litafutwe usiku huo huo.